Mdogo wangu kakatwa vidole viwili kiwandani, bosi anampa milioni 1.8 asaini yaishe. Achukue au aende Mfuko wa Fidia?

#1 Zabibu Chungu

Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja.

Mdogo wangu ana miaka 26, anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Dodoma. Sitataja ni kipi. Mwishoni mwa mwezi wa sita, msimu umepamba moto, mkanda wa mashine ukamvuta mkono wa kulia. Kidole cha shahada kimeondoka chote, cha kati kimebaki pingili moja. Kava ya mkanda ilikuwa imefunguliwa wiki mbili nyuma kwa sababu mashine ilikuwa inachemka.

Bosi alimkimbiza hospitali kwa gari lake mwenyewe, akalipa bili yote, na miezi miwili ya mwanzo alikuwa anamtumia laki moja moja. Siyo mtu mbaya kihivyo. Sasa juzi amemwita ofisini, kamwekea karatasi mezani: milioni moja na laki nane taslimu, asaini kwamba "nimepokea kifuta jasho na sitakuwa na madai mengine yoyote". Kampa mpaka Ijumaa.

Dogo alikuwa analipwa elfu kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, anasaini daftari. Mkataba hana, makato ya NSSF hana. Huu ulikuwa msimu wake wa pili. Nimesikia kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ila pia nimesikia ni mlolongo. Mnashaurije?

#2 Mlenda Sana

Nakaa pale. Pole kwa dogo.

#3 Fundi Randa

Achukue hela. Wahenga walisema moja shika, si kumi nenda uje. Mimi nina karakana Kizota, najua mambo haya. Bosi anayekupeleka hospitali kwa gari lake ni wa kushukuru, wengine wanakuambia ulikuja mwenyewe kuomba kazi, hakuna aliyekuita.

#4 Dada wa Makole

Fundi Randa, wewe ni mwajiri, usijifiche kwenye methali.

Mleta uzi, asisaini kitu. Fidia ya ajali kazini kwa Tanzania Bara inaenda kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na Mfuko wenyewe ulianza kazi mwaka 2015. Mwajiri anachangia kila mwezi, mfanyakazi hakatwi hata senti. Ukiumia kazini Mfuko unagharamia matibabu, unakulipa asilimia 70 ya mshahara kwa kipindi ambacho huwezi kufanya kazi, mwisho miezi 24, na ukibaki na ulemavu wa kudumu unafanyiwa tathmini. Ulemavu usiozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi.

Halafu kuna saa inagonga. Madai yanatakiwa yafike ndani ya miezi 12 tangu ajali. Kama ni mwisho wa mwezi wa sita na sasa ni mwezi wa kumi na moja, mmeshakula mitano.

#5 Mzee wa Reli

Dada wa Makole umemaliza. Niongeze tu kwa vijana wanaolalamika kwamba Mfuko ni mlolongo. Sisi wa zamani tulikuwa chini ya sheria ya mkoloni. Ukipata ulemavu kamili wa kudumu, kiwango cha juu ilikuwa shilingi laki moja na elfu nane. Ukifa, familia elfu themanini na tatu. Viwango vilibaki hivyo hivyo mpaka shilingi ikawa karatasi ya kufungia karanga. Rafiki yangu wa karakana alichukua hela yake ya mguu akanunua redio na blanketi. Mlolongo wa sasa si kitu.

#6 Kibubu cha Chang'ombe

Redio ilikuwa ya betri ngapi mzee?

#7 Mzee wa Reli

Sita. Na ilikuwa inashika mpaka Msumbiji.

#8 Mwanasheria Uchwara

Nimepita harakaharaka, naona watu wanampa mtu matumaini. Swali la kwanza siyo achukue au asichukue. Swali ni je, huyo bosi kasajiliwa Mfuko? Kiwanda kisichokata NSSF, kisicho na mkataba, kinachosainisha daftari, mnadhani kinachangia fidia? Jibu mnalo. Sasa Mfuko umlipe dogo kwa hela ipi?

#9 Dada wa Makole

*Mwanasheria Uchwara alisema: Mfuko umlipe dogo kwa hela ipi?*

Ndiyo maana ukajiita uchwara. Kutosajiliwa ni kosa la mwajiri, halimgeuki mfanyakazi. Sheria inamtaka kila mwajiri ajisajili, awe na wafanyakazi mia au mmoja, na asiyejisajili anakabiliwa na faini mpaka milioni 50 au kifungo mpaka miaka mitano, au vyote. Kazi ya kumkamua mwajiri ni ya Mfuko, siyo ya dogo.

#10 AlizetiTamu

Hapo ndipo mjiulize kwa nini ni milioni 1.8 na kwa nini ni Ijumaa. Huyo bosi hanunui vidole, ananunua ukimya. Milioni 1.8 dhidi ya 50, hata mimi ningetoa.

#11 Fundi Randa

AlizetiTamu hujawahi kuendesha hata genge. Inawezekana hana hela zaidi ya hiyo. Msimu huu alizeti yenyewe watu wamenunua bei gani na mafuta wameuza bei gani? Mwezi huu mashine nyingi zimelala, mashudu tu ndiyo yanatoka. Ijumaa inawezekana ndiyo siku anayolipwa na mteja wake. Siyo kila kitu ni njama.

#12 Chamwino Kwetu

Mbukwenyi. Nitoe yangu, nilipitia.

Mimi niliangukiwa na nondo kwenye ujenzi, mguu ukavunjika sehemu mbili. Kampuni ilikuwa imesajiliwa, ofisa wao akajaza taarifa ya ajali, nikatibiwa. Shida ilikuja kwenye mshahara. Mimi mkononi nilikuwa napokea laki nne, kwenye karatasi zao walikuwa wanaandika laki mbili ili wachangie kidogo. Fidia inapigwa kwa mshahara, na mshahara unaoonekana ni ule wa kwenye karatasi. Nikabaki nabishana mwenyewe na daftari langu la kumbukumbu, hamna anayelitambua. Nililipwa, ndiyo, ila kwa hesabu ya mtu mwingine kabisa.

Kwa hiyo kabla hamjafikiria Ijumaa, tafuteni ushahidi wa ile elfu kumi. Lile daftari analosaini, apige picha kurasa zote leo. Kesho halitakuwepo.

#13 Zabibu Chungu

Asanteni wakuu. Daftari lipo kwa mhasibu, dogo anasema yule dada ni mtu wake, atajaribu. Hela nyingine alikuwa anatumiwa kwa simu, meseji zipo za tangu mwaka jana.

Usajili sijui. Nikimuuliza bosi atashtuka.

#14 Ofisa Rasilimali Watu Mstaafu

Meseji za simu ni dhahabu, zihifadhiwe, asibadilishe laini.

Suala la kutokuwa na mkataba lisiwatishe. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa ni mwajiriwa kama anatimiza hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa, na kimojawapo ni kwamba amemfanyia kazi mtu huyo huyo wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu mfululizo. Huyu kafanya siku sita kwa wiki, hizo saa 45 anazimaliza wiki moja. Na maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri. Akishindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwake.

Kuhusu kava iliyofunguliwa, hiyo ni ya OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Wana sheria yao ya mwaka 2003. Lakini msichanganye mafaili. Mfuko hauulizi nani mzembe, unauliza kama aliumia akiwa kazini. Hata kama dogo mwenyewe alisogeza mkono vibaya, hilo peke yake halimnyimi fidia.

#15 Mwanasheria Uchwara

Sasa hapo kwenye uzembe ndipo kwenye hela. Aachane na Mfuko, amshtaki bosi mahakamani kwa uzembe wa kufungua kava. Mnaogopa nini?

#16 Ofisa Rasilimali Watu Mstaafu

Mkuu, kesi ya uzembe dhidi ya mwajiri wakati kuna sheria maalumu ya fidia ina mabishano yake ya kisheria, na inahitaji wakili anayelipwa. Usimtupe mtoto wa watu huko kwa kubonyeza kitufe.

#17 Mwanasheria Uchwara

Sawa mstaafu, ila uoga ndio unafanya mabosi wafungue makava.

#18 Kibubu cha Chang'ombe

Samahani naomba kuuliza, mimi nilidondoka na bodaboda nikienda kazini Mtumba, goti mpaka leo linalia. Hiyo ni ajali ya kazini?

#19 Mlenda Sana

Fungua uzi wako mkuu, hapa tuko na vidole.

#20 Mama Wawili Nzuguni

Mimi nimeisoma ile karatasi ya bosi mara tatu na ninyi wote mmelipita neno. "Kifuta jasho." Kifuta jasho ni cha mtu aliyefanya kazi, unampa asante. Aliyeumia anapewa mkono wa pole. Na aliyekatwa kiungo anapewa fidia. Haya ni mambo matatu. Bosi kaandika la kwanza, halafu mwisho wa mstari kadai haki za la tatu.

Kama ni kweli ana huruma, aambiwe abadilishe karatasi iandikwe "mkono wa pole", ule mstari wa "sitakuwa na madai" ufutwe, dogo apokee milioni yake na laki nane na ashukuru kwa mikono miwili, yaani mmoja na nusu, Mungu anisamehe. Kisha aende Mfuko kama kawaida. Bosi akikataa kufuta mstari mmoja, mtajua hela ilikuwa ya nini.

#21 Dada wa Makole

Mama Wawili nimekuvulia kofia.

#22 Fundi Randa

Hiyo nayo ni ujanja. Mtu achukue hela ya bosi halafu ampeleke Mfuko? Mimi kama mwajiri siku hiyo hiyo namuita mwenyekiti wa mtaa tuhesabiane. Hela ya kumaliza jambo ni ya kumaliza jambo.

#23 AlizetiTamu

Fundi Randa, wewe karakana yako umesajili Mfuko?

#24 Fundi Randa

Tunaongelea alizeti hapa.

#25 Kibubu cha Chang'ombe

🤣🤣🤣 Hapo sasa.

#26 Chamwino Kwetu

Ila kuna ukweli kidogo kwa Fundi Randa. Ile hela ya bosi inaweza kuja kuitwa malipo ya awali, akasema "nilishamlipa, kata humo". Wazo la Mama Wawili ni zuri, lakini kila neno lililoandikwa mle litakuja kusomwa na mtu mwingine siku nyingine. Bora iandikwe ni msaada wa kibinadamu, kwa tarehe, na nakala abaki nayo dogo. Mimi sikubaki na nakala ya kitu chochote. Nilisaini karatasi tano kitandani, moja nikaja kuambiwa ilikuwa ya kukiri nilivaa ndala.

#27 Mzee wa Reli

Ulivaa?

#28 Chamwino Kwetu

Nilivaa. Ila buti hawakutoa.

#29 Zabibu Chungu

Nimesoma yote. Tatizo lililopo ni kwamba dogo hana kitu kabisa. Kodi ya chumba miezi mitatu. Mkiniambia miezi sijui mingapi ya kusubiri tathmini, atakula nini? Milioni 1.8 angepata hata pikipiki iliyotumika akaanza bodaboda, maisha yakasogea. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

#30 AlizetiTamu

Bodaboda? Mkono wa kulia ndio wenye mafuta na breki ya mbele mkuu. Kidole cha shahada hakipo na cha kati kina pingili moja. Atashika breki na nini?

#31 Mlenda Sana

Sasa hilo lilikuwa la kujua hata bila sheria.

#32 Nesi wa Zamu

Nifafanue upande wa hospitali. Tathmini ya ulemavu haifanywi kidonda kikiwa kibichi. Inasubiriwa mpaka hali itulie, ijulikane kilichobaki kinafanya kazi kiasi gani. Siyo kuhesabu vidole tu. Kidole gumba hakilingani na kidole cha mwisho, na mkono anaoutumia unaangaliwa unashikaje, unabanaje. Kuna watu wamekatwa kidole kimoja lakini vingine vimekakamaa hawafungi hata kifungo cha shati.

Dogo arudi kwa daktari aliyempasua aombe maelezo ya kina na picha za eksirei, zisibaki kwenye faili la hospitali. Na aulize mazoezi ya mkono. Wengi wakishaona kidonda kimefunga wanaacha, mkono unakauka. Ukiniambia anashika kikombe vipi nitakwambia kama amechelewa.

#33 Dada wa Makole

Nesi asante, hiyo ndiyo hoja yangu kuhusu milioni 1.8. Hakuna anayejua kama ni nyingi au kidogo, kwa sababu asilimia haijapimwa. Bosi mwenyewe hajui. Ni kama kununua zabibu shamba halijachanua.

Kuhusu kula, miezi ambayo hakufanya kazi ndiyo ile ya asilimia 70 niliyosema. Kwa elfu kumi siku sita ni kama laki mbili na sitini kwa mwezi, asilimia 70 yake ni 182,000. Bosi alimpa laki moja moja kwa miwili. Pigeni wenyewe.

#34 Fundi Randa

Hesabu za kwenye simu hazipiki ugali. Hiyo 182,000 inakuja lini? Jibu swali la lini.

#35 Dada wa Makole

Lini sijui. Inategemea karatasi zimekamilika kiasi gani. Nimekujibu.

#36 Fundi Randa

Asante kwa ukweli. Ndicho nilichokuwa nasema tangu namba 3.

#37 Mama Wawili Nzuguni

Kwani aliyewaambia achague ni nani? Ofisi ya Mfuko ipo hapa hapa Dodoma, hata taarifa siku hizi zinatumwa kwa mtandao. Aende kesho Alhamisi aulize tu, kuuliza siyo kushtaki. Ijumaa ikifika ana majibu mawili mkononi.

#38 Kidole Tumbo

Habarini wakubwa. Mimi ndiye mwenye vidole.

Nimeonyeshwa uzi huu na mshikaji, naandika kwa kushoto mnisamehe herufi. Kaka, ungeniambia kwanza kabla hujaniweka huku. Na habari ya pikipiki hukumalizia. Hiyo pikipiki tulisema ingekuwa ya kwako, mimi ungenipa hesabu ya elfu nne kwa siku. Sikatai, tuliongea, ila watu wajue.

Nashukuru wote. Nesi, kikombe nashika na gumba na kidole cha pete, kile cha pingili moja hakikunji. Daftari nimeshapiga picha, kurasa zote isipokuwa za mwezi wa tano, hazipo, zimechanwa au zimeanguka sijui.

Ila kuna swali ambalo hakuna aliyeuliza. Nikikataa kusaini, nitarudi kazini? Msimu ujao bosi anatafuta mtu wa kukaa kwenye mizani, kupima magunia na kuandika. Ile kazi naiweza. Yeye hajasema atanipa, ila pia hajasema hatanipa. Hela itaisha, mizani ni ya kila mwaka.

#39 Ofisa Rasilimali Watu Mstaafu

Kijana pole sana. Kisheria, mwajiri hawezi kukuondoa kwa sababu tu umeumia, anatakiwa kwanza aangalie kama kuna kazi nyepesi unayoiweza. Mizani ni mfano mzuri. Akikuachisha, una siku 30 za kupeleka mgogoro CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hiyo ni tofauti na fidia, usiache moja ikale muda wa nyingine.

Lakini hilo ni la karatasi. Kama atakuangalia kwa jicho lile lile baada ya hapo, sheria haifiki huko.

#40 Fundi Randa

Dogo, kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu nakaa kimya kidogo. Muombe hiyo mizani iandikwe kwenye karatasi ile ile. Kama anaitaka saini yako, na wewe itake yake.

#41 AlizetiTamu

Na mstari wa "sitakuwa na madai" je?

#42 Fundi Randa

Hapo mngojeeni Mama Wawili.

#43 Mama Wawili Nzuguni

Nipo. Mizani iandikwe, mstari ufutwe. Sijabadilisha.

#44 Mwanasheria Uchwara

Hakuna bosi Dodoma hii atakayekubali yote mawili.

#45 Zabibu Chungu

Dogo, pokea simu yangu.

#46 Kidole Tumbo

Nipo kwenye daladala ya kwenda mjini kaka. Nikishuka nitakupigia.

#47 Kibubu cha Chang'ombe

Ukifika Mfuko niulizie na goti langu.